Mafundo ya Bibi Tounes

Kwako Bi Messaouda wa gazetini, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, na kama barua hii imechelewa njiani basi isome tu unililie, maana sina mwingine wa kumwambia, mama yangu ndiye aliyenitia katika jambo hili na mchumba wangu ndiye nitakayempoteza nikilisema.

Nina miaka ishirini na saba, naishi mji mdogo chini ya milima ya Aurès, nashona mapazia na mashuka ya maharusi, lakini hapa hakuna anayenijua kwa cherehani, wananijua kwa mkono. Marehemu bibi yangu Tounes, aliyemzaa mama, alikuwa anakata manjano. Wewe ni mtu wa huku, unajua: mtu akigeuka macho ya manjano anakwenda kwa mwenye mkono alfajiri kabla hajala, mara tatu, Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, anakatwa kidogo tu kwa wembe katikati ya nyusi, damu inapanguswa kwa kipande cha mkate wa shayiri, mbwa anatupiwa mkate huo, na mgonjwa anakwenda zake bila kugeuka nyuma. Lakini bibi alikuwa na mambo mawili ambayo wengine hawana. La kwanza, kabla hajamgusa mgonjwa alijikata mwenyewe kwenye kidole gumba kwa wembe uleule, tone moja, akisema anayaonyesha manjano njia ya kutokea. La pili, hakutaka malipo ila uzi. Kila mgonjwa alikuja na uzi wa sufu kutoka nyumbani kwake, na bibi aliufunga fundo kwenye kamba iliyoning'inia nyuma ya mlango, na kamba hiyo ipo mpaka leo, ni ndefu kuliko mimi, na mama anamjua mwenye kila uzi isipokuwa mmoja wa kijani ulio juu kabisa, ambao ulifungwa kabla yeye hajazaliwa.

Miaka yake ya mwisho bibi alikuwa haoni. Mchana kutwa alikaa mlangoni, kamba mapajani, akipapasa fundo moja moja na kusema, "Huyu amelala. Huyu amelala. Huyu naye amelala." Akifika kwenye ule wa kijani alisema, "Huyu alikwenda zake, simsikii." Siku moja mimi namenya karoti pembeni yake, vidole vikasimama, akasema, "Huyu ameamka." Nikacheka, nikamuuliza ni nani, akasema ni uzi wa kahawia, watu wa kinu cha nafaka. Wiki haikuisha tukasikia mzee wa kinu tumbo limejaa maji, na kabla ya mwezi kwisha tulikwenda kuhani. Ikatokea tena kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa juu, na mara ya tatu vidole viliposimama nilikimbilia uani nisisikie jina.

Nilimuuliza, "Bibi, hawa si uliwaponya wewe?"

Akaniambia, "Hayatoki, mwanangu. Yanatoka machoni tu. Ndani yanalala."

Tangu siku hiyo hakumkata mtu tena. Alisema wembe umechoka, akaufunga kwenye kitambaa, akaulalia chini ya mto mpaka alipofariki, sasa ni miaka mitatu. Aliyekifungua kitambaa ni mama. Alisema mkono haufi, umeniingia mimi, kwa sababu bibi alinikata nilipokuwa na miaka miwili, macho yangu yalikuwa manjano, na nikapona. Alama ninayo, kati ya nyusi, ndogo kama punje ya ufuta.

Nilikataa miaka miwili, Bi Messaouda, naomba uliandike hilo. Halafu mwaka jana, majira ya kuvuna tende, akaja Bi Zerfa kutoka mji wa pili, macho yake manjano, anajikuna mpaka ngozi inatoka, na nyuzi zake nyekundu mkononi. Nilisema mimi ni fundi cherehani tu. Mama akanivuta jikoni, "Utamrudisha mgeni mlangoni kwetu? Bibi yako atasikia aibu alipo." Na Bi Zerfa kwa upande wake, "Tone moja tu, binti yangu, nimetoka mbali, na hilo basi limenivunja mgongo." Nikashika wembe wa bibi, nikajikata kidole gumba kama yeye alivyofanya, kisha nikamkata. Nilifanya hivyo mara tatu, siku tatu. Baadaye hospitali ilimkuta na mawe kwenye nyongo wakayatoa, lakini yeye shukrani zote alinipa mimi, "Mawe katoa daktari, manjano umeyatoa wewe," na hakukaa sana akarudi kuniposa kwa mwanawe Nadhir, fundi wa pampu za visima. Nadhir ni mtu wa maneno machache, ananiletea komamanga ambazo amezichagua moja moja, nampenda, sina namna nyingine ya kulisema.

Ulipofika wakati wa kutafuta cheti cha daktari cha kufungia ndoa, mimi nilipimwa peke yangu siku hiyo kwa sababu Nadhir alikuwa na kazi ya kisima. Karatasi ilikuja na mistari mitano. Wa kwanza chanya, wa pili hasi, wa tatu chanya, wa nne hasi, wa tano chanya. Daktari, msichana wa rika langu mwenye foleni mpaka barabarani, aliniambia, "Una virusi vya homa ya ini aina ya B. Usiogope, huumwi, ini lako ni zima. Vimelala tu." Alisema vimelala, Bi Messaouda, neno lilelile, na baada ya hapo mdomo wake ulikuwa unacheza lakini mimi sikusikia kitu, nilikuwa namsikia bibi. Nilielewa tu kwamba nirudi baada ya miezi sita. Nikamwambia Nadhir harusi isogezwe, mashuka hayajaisha, nikarudi baada ya miezi sita, na mistari ikawa vilevile.

Mama aliisoma karatasi akasema, "Hasi ziko mbili, na daktari kasema huumwi. Basi huumwi. Na kama vimelala, nani kavilaza? Si mkono wa bibi yako?"

Sasa siwezi kutembea kwa amani. Nikienda sokoni, mpima tende akiinama naiona alama kati ya nyusi zake. Mwanamke aliye mbele yangu hamamuni akinyoosha nywele nyuma, naiona. Bibi harusi niliyekuwa namwonyesha mashuka akanitabasamia, naiona. Wananisalimu kwa heshima, wengine wanabusu mkono wangu, na mimi nahesabu. Wiki iliyopita, mchana kweupe, nilikaa mlangoni nikaiweka kamba mapajani, sijui kwa nini, na vidole vyangu vikaanza kwenda vyenyewe fundo kwa fundo, na vilipofika kwenye uzi mwekundu wa Bi Zerfa vikasimama, vikakataa kuondoka, na kuna maneno yalinijia mdomoni nikauziba kwa kiganja, siwezi kuyaandika hapa.

Na juzi Bi Zerfa amepiga simu. Mjukuu wake Ikram, wa miaka mitano, mtoto wa dada yake Nadhir, macho yamegeuka manjano tangu Ijumaa na mkojo ni mweusi kama chai. Amesema, "Tunakuja Jumamosi alfajiri, mkwe wangu, uzi nimeshaukata." Nikikataa nitaulizwa sababu, na nikitoa sababu Bi Zerfa atajua nilichomtia, na Nadhir sitamwona tena. Nilimwambia mama nitumie wembe mpya na nisijikate kidole, akasema bila tone huo sio mkono, ni kumkwaruza mtoto bure. Niambie, hiki kitu kinaniua au hakiniui? Bibi alikuwa anaua watu? Na Jumamosi mlango ukigongwa, nifanye nini?

Mimi, mwenye mkono, chini ya Aurès.

*

BI MESSAOUDA ANAJIBU

Binti yangu, barua yako imefika Jumanne na gazeti linatoka Alhamisi, kwa hiyo una siku mbili na hatutazitumia kulia. Majina nimebadilisha yote, hata la bibi.

Ikram hakatwi. Hakatwi kwa wembe wa zamani, hakatwi kwa wembe mpya wa dukani, hakatwi kwa tone wala bila tone. Na Jumamosi hapana, ni mbali. Mtoto mwenye macho ya manjano na mkojo mweusi anapelekwa hospitali leo, na akianza kulala ovyo, kutapika bila kukoma au kuvuja damu, anapelekwa saa hiyohiyo, hata kama chungu kiko jikoni. Watoto wa umri wake mara nyingi huwa na aina ile nyingine, A, ya maji machafu na mikono isiyonawa, ambayo huondoka yenyewe baada ya wiki chache. Ndiyo maana mikono yote ya huku ina sifa: inakata manjano ambayo yalikuwa yanaondoka. Lakini aina anayougua mtoto haisomwi machoni, inasomwa kwenye damu.

Sasa karatasi yako, uliyoibeba miezi sita bila kumrudia mtu akueleze, na hapo nakukemea. Foleni haikuwa ndefu kuliko usiku uliokosa usingizi. Mstari wa kwanza unatafuta ganda la kirusi chenyewe, wako ni chanya, maana yake kimo mwilini. Wa pili unatafuta kinga, wako ni hasi, huna, kwa hiyo ile hasi aliyoifurahia mama yako ni habari mbaya iliyovaa nguo nzuri. Wa tatu unaonyesha mwili wako ulishakutana na kirusi hai. Wa nne hasi na wa tano chanya inasema kwamba kwa sasa hakizaliani kwa kasi. Umepima mara mbili, miezi sita katikati, ganda bado lipo, na hapo ndipo tunaita ugonjwa sugu. Yaani hukukipata mwaka huu wala mwaka jana. Kirusi hiki kikimwingia mtu mzima, mara nyingi sana mwili wake unakifukuza. Kikimwingia mtoto mchanga au wa miaka miwili, mara nyingi kinakaa naye. Nadhani unajua sasa ulikipata asubuhi gani.

Kinakuua? Leo hapana. Ulikuwa hujajua kwa miaka ishirini na mitano na umeishonea nusu ya mji. Lakini daktari aliyekwambia vimelala hakumaliza, au alimaliza wewe ukiwa na bibi yako. Kila miezi sita unapima ini, unapima wingi wa virusi kwenye damu, na ini linapigwa picha kwa ile mashine wanayowapimia wajawazito, maisha yako yote. Vikianza kusumbua kuna vidonge vya kuvituliza. Vidonge haviviondoi kabisa, na anayekuuzia majani ya kuviondoa muulize yeye amepima lini. Dawa za mitishamba ziweke mbali na ini lako. Na vikiwa vimetulia hivyohivyo, damu yako bado inaambukiza. Wembe, mswaki, mkasi wa kucha ni vyako peke yako. Sahani, kikombe, kukumbatiana, kulala chumba kimoja na mama yako, hayo hayana neno.

Bi Zerfa umwambie wewe, kwa mdomo wako, sio kwa barua na sio kwa kumtuma mama. Ulimwingizia damu yako mara tatu. Ulikuwa hujui, na hilo utalisema pia, lakini usilitangulize. Aende apime. Kwa umri wake inawezekana sana mwili ulishakifukuza na atakuta kinga, na inawezekana pia kimekaa, na akikosa kuambiwa atakuja kujua siku tumbo limejaa. Nadhir naye apime, akiwa salama apewe sindano tatu za chanjo, azimalize, apime kama kinga imeshika, kisha fungeni ndoa. Mtakapopata mtoto, mwambie mkunga mapema, mtoto achanjwe siku ileile anayozaliwa. Nimezalisha wanawake wengi wenye karatasi kama yako na watoto wao leo wanapiga mpira barazani kwangu na kuvunja vyungu vyangu vya mnanaa. Kama Nadhir atakimbia kwa sababu ya sindano tatu, umuache akimbie, na komamanga utanunua mwenyewe. Sidhani kama atakimbia. Lakini hata akikimbia, Ikram hakatwi, na hapo ndipo kila kitu katika barua yako kinapimiwa.

Mama yako nina neno naye. Mama, ulikifungua kitambaa ambacho mama yako mwenyewe alikifunga. Alikwambia wembe umechoka na hukumsikia.

Maana Bibi Tounes hakuwa mchawi, binti yangu. Alikuwa kipofu anayekaa mlangoni mwa nyumba iliyo njiani kuelekea sokoni. Alisikia nani anakohoa, nani miguu imevimba anaburuta viatu, nani hajapita siku kumi, na vidole vyake vikasimama pale masikio yalipokuwa yameshafika. Wewe nawe vidole vyako vilisimama kwenye uzi mwekundu kwa sababu moyo wako ulikuwa umesimama hapo tangu siku ya karatasi. Hivyo ndivyo ninavyoamini, ingawa sitakudanganya, niliposoma habari ya kamba niliwasha taa zote za nyumba na ilikuwa saa nne asubuhi. Yule mwanamke hakujua kusoma, hakuwa na maabara wala mtu wa kumweleza, na alitambua kwa nyuzi za sufu kitu ambacho wataalamu walikijua kwa hadubini: kwamba manjano yanatoka machoni na yanabaki ndani, na kwamba mapito yake ni wembe. Alijua, na aliacha. Kosa lake ni kwamba aliacha kimya. Aliwajua wote, akabaki anawapapasa mlangoni badala ya kuwaita.

Wewe utawaita. Wembe usiutupe kisimani, usiuzike, usiuhifadhi kwa ukumbusho. Utie kwenye kopo gumu lenye mfuniko, upeleke zahanati kwenye sanduku lao la sindano. Kamba usiichome. Ndiyo orodha pekee iliyopo, hakuna daktari mwenye orodha kama hiyo. Utakwenda nayo zahanati ukiwa na mama yako, yeye anawajua wenye nyuzi, na kila nyumba iitwe kimyakimya, moja moja, ipimwe B na C pia, maana wembe haukuchagua. Wako ambao watakutukana. Mtukanwe pamoja, wewe na mama, na mwendelee na uzi unaofuata. Ukipatwa na woga, piga namba iliyo chini ya ukurasa huu, inalia jikoni kwangu.

Fundo moja usihangaike nalo, lile la juu kabisa. Uzi huo ulichomolewa kwenye blanketi la kijani lililokuwa na pindo jeupe, na kama sufu haijafifia sana utauona weupe kidogo upande mmoja. Mwenyewe alikuwa na miaka minne. Tounes alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono ya joto, alijikata kidole kwanza ili mtoto asiogope, kisha akampa yai la kuchemsha la njiani, na mtoto akaambiwa asigeuke nyuma, na hakugeuka. Familia ilihama mwaka huo. Mtoto alikuja kuwa mkunga, akapimwa kazini akiwa na miaka thelathini, akakuta mistari mitano kama yako. Sasa ana sitini na mmoja. Anapima kila miezi sita, mume amechanjwa, watoto wanne wazima, na alama kati ya nyusi anaifunika kwa kitambaa cha kichwa kwa sababu ya majivuno tu.

Lifungue fundo hilo. Kesho Ijumaa ukienda makaburini, mwambie bibi yako kwamba yule wa kijani amepatikana, na hana kinyongo. Lakini hiyo ni kesho. Sasa hivi weka gazeti chini, umpigie Bi Zerfa.